Fundi Mchomoa Waya

Mgeni aliyefika ofisini kwetu kwa mara ya kwanza alidhani tumevamiwa. Anakaa, analetewa kahawa, anaanza kuelezwa jinsi kompyuta zetu zinavyofanya kazi, mara mlango unafunguka na kuingia mama mtu mzima mwenye baibui, jasho la baiskeli bado liko usoni. Anakwenda moja kwa moja ukutani, anachomoa waya wa mtambo mmoja, kisha anageuka na kusalimia vizuri kabisa.

"Assalaam aleikum. Karibu mgeni. Endeleeni, endeleeni."

Huyo ndiye Fundi. Nilifanya kazi chini yake kwa miaka mingi pale Ngamiani, Tanga mjini, na katika miaka hiyo yote sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila yeye kuchomoa waya. Alichomoa bila kutangaza. Alichomoa tukiwa tunakula. Siku moja alichomoa mtambo niliokuwa nauandikia programu tangu asubuhi, nikapiga ukelele wa kike, na yeye akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Pole, Mshambaa wangu," akasema. "Sasa hebu nionyeshe kilichopotea." Hakikupotea kitu. Kompyuta nyingine mbili zilikuwa zimeshachukua kazi ile, na maneno yangu yote yalikuwapo. Akapiga makofi kama mtu aliyefunga goli.

Majirani walituona watu wa ajabu. Kwa kuwa kibao cha mlangoni kilisema tunashughulika na kompyuta, walituletea redio, pasi, feni zisizozunguka, na mara moja cherehani. Fundi hakumrudisha mtu. Alikuwa mhandisi aliyesoma mpaka akachoka kusoma, lakini cherehani ile aliikalia chini sakafuni na bisibisi mpaka ikashona. Wateja wetu wa kweli walingoja.

Kazi yetu hasa ilikuwa kutengeneza zana. Waandishi wengine wa programu wanazichukua na kujengea mifumo yao, kama seremala anavyonunua randa na patasi akachonga kitanda. Zana zetu zilikuwa na kazi moja: kompyuta zilizo mahali mbalimbali, moja Tanga mjini, moja Pangani, moja kule Amani milimani, zifanye kazi pamoja kama kompyuta moja. Kila moja ina nakala ya kila kitu. Moja inaongoza, nyingine zinafuata. Kiongozi akinyamaza, pengine umeme umekatika au mtandao umekufa, waliobaki wanapiga kura na kuchagua mwingine, na kazi inaendelea. Zaidi ya nusu wakikubaliana, jambo limepita.

Mtu akiuliza haya yana faida gani, Fundi alimtajia muuguzi wa Mwera, kijijini kwao ng'ambo ya mto Pangani. Zana zetu ndizo zilizobeba mfumo wa dawa wa zahanati za upande ule. Mtu akiumwa na nyoka Mwera, muuguzi anatazama kwenye simu yake dawa iko wapi, Pangani au Ushongo, ndipo ampakie mgonjwa kwenye pikipiki kwa njia iliyo sahihi. "Mfumo ukilala saa ile," alisema Fundi, "yule mtu apelekwa kusikokuwa na dawa." Hapo hakuwa anacheka.

Zana zenyewe tuliziita Mafiga. Jina hilo hakulitaka. Alilipinga kwa nguvu zake zote, na kwa hoja nzuri.

"Figa moja likitoka chungu chamwagika!" alisema. "Sisi twasema mmoja akitoka kazi yaendelea. Mwataka kuwachekesha watu?"

Tukapiga kura, akashindwa, na Mafiga yakabaki Mafiga. Maana ofisi yake aliiendesha kama alivyoziendesha kompyuta zake: kila jambo kwa kura. Tulikuwa watano, na utano huo aliulinda. Yeye, mimi, Zuhura aliyekuwa mwepesi wa kuandika programu kuliko sisi wote, Hamadi wa Pangani aliyezunguka vituoni kufunga mitambo, na Mama Neema aliyepokea wateja na kutupokea sisi pia tukija na njaa. Chakula cha mchana kilipigiwa kura. Rangi ya pazia ilipigiwa kura. Siku Fundi alipotaka mhogo wa nazi na sisi wanne tukataka pilau, alikula pilau huku akisema mhogo ungekuwa mtamu zaidi, lakini alikula na akaongeza.

Habari ya pilau ndiyo inayonirudisha Mwera, kwenye harusi ya mpwa wake. Kisa hiki alikihadithia kila mwanafunzi, kila mgeni, na wakati mwingine abiria wenzake kwenye pantoni.

Fundi alikuwa ndiye mkuu wa jiko. Harusini kwao mambo hayo hayana mchezo: mkuu wa jiko ndiye anayesema moto upungue, nazi iingie, na yeye peke yake ndiye anayetia chumvi. Asubuhi ile akagundua viungo vimesahauliwa Pangani mjini, akavuka mto kwenda kuvichukua. Pantoni ikaharibika angali ng'ambo. Kina mama jikoni wakangoja, wakachoka kungoja, wakakaa kikao kifupi na kumchagua shemeji yake aongoze. Shemeji akaazima viungo kwa jirani, akapika na kutia chumvi. Pantoni ikatengemaa. Fundi akarudi mbio, akaikuta sufuria kubwa inachemka, akaona yeye bado ndiye mkuu, akafunua kifuniko na kutia chumvi yake.

"Yarabi," alikuwa akisema kila alipofika hapo, na kujifunika uso kwa mtandio. "Bwana harusi alikunywa maji mpaka akashindwa kusimama kupigwa picha."

Mwaka mzima watu wa Mwera walimwita Bi Chumvi. Lakini sheria moja kubwa ya Mafiga ilitoka kwenye sufuria ile. Kompyuta iliyokuwa inaongoza, ikazimika, kisha ikawaka tena, hairuhusiwi kuagiza chochote. Lazima kwanza iulize wenzake nani anaongoza sasa, ipokee yaliyotokea ilipokuwa haipo, kisha imfuate huyo aliyechaguliwa. Katika vitabu vya wataalamu jambo hili lina maelezo marefu. Fundi alilibandika ukutani kwa maneno matatu: "Aliyerudi asiguse chungu." Na chini yake, kwa maandishi madogo: "Aulize nani anapika."

Sasa niseme na upande mwingine, maana nikimsifu tu mtu atadhani namwandikia risala.

Mama huyu aliyetaka kila kitu kiwe na nakala tatu alikuwa na miwani moja tu duniani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulivunjika zamani na kufungwa uzi mweusi wa cherehani. Akiiweka vibaya, ofisi nzima inasimama, tunatambaa chini ya meza. Ufunguo wa nyumba yake ulikuwa mmoja. Ukipotea anakaa barazani kwa jirani anakula machungwa ya Muheza mpaka fundi wa makufuli aje. Nilimuuliza siku moja kwa nini asichonge wa pili. Akafikiri sana. "Sijawahi kuupoteza siku ya mvua," akasema, na hilo kwake lilikuwa jibu.

Mitambo hakuiamini hata kidogo. Watu aliwaamini kupita kiasi. Muuza samaki akimwambia huyu changu ametoka majini sasa hivi, yeye anachukua na kushukuru, na mchana tunafungua madirisha yote. Hasira yake ilikuwa ya haraka, lakini haikuwahi kulala ofisini. Alimgombeza Hamadi kwa kufunga waya ovyo mpaka Hamadi akatoka nje, na kabla hajafika kona Fundi alikuwa nyuma yake juu ya baiskeli, anapiga kengele, anamwita arudi kunywa chai.

Mimi na yeye tulitaniana kwa dini na kwa kabila bila kukoma. Kila Krismasi alinitaka sahani, na kila Idi niliidai yangu kwa sauti kubwa zaidi. Nikitoka likizo kwetu Amani ananiamkia, "Onga makeo!" hata iwe alasiri, kwa kuwa salamu ya Kishambaa aliyoiweza ni hiyo moja ya asubuhi.

Lakini kasoro iliyotusumbua haikuwa miwani. Fundi, aliyejenga kazi yake yote juu ya wazo kwamba hapana mtambo usioweza kukosekana, yeye mwenyewe hakukubali kukosekana hata kidogo. Likizo hakuwa anachukua. Nywila kubwa ya kuingilia mitambo yote alikuwa nayo yeye peke yake, kichwani. Akiugua alikuja akiwa amejitanda kanga, anakohoa, anachomoa waya. Na kila mwaka alisema mwaka huu anakwenda kuhiji, na kila mwaka hakwenda.

Wanawe walishamwandalia kila kitu. Mwanawe mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, ndiye wa kufuatana naye. Mwaka wa kwanza Fundi alisema tunahamisha mitambo. Mwaka uliofuata alisema Hamadi ndiyo kwanza ameoa. Magoti yake nayo yalikuwa yameanza kuuma. Zamani alipanda baiskeli mpaka Chumbageni na kurudi. Sasa tulimwona anaikokota, na anapofika mlangoni anasimama kwanza, ameshika ukuta, kabla ya kuingia na kujifanya hakuna kitu.

Ndipo mwanawe akanipigia simu.

"Kaka," akasema kwa upole, "samahani kukuingilia. Hivi kweli ofisi imemnyima mama ruhusa tena?"

Kumbe kwao sisi ndio tuliokuwa makatili.

Jumatatu, kwenye kikao, nikalitoa. Nilisema nina hoja moja: Fundi aende Makka mwaka huu.

"Hilo si la ofisi," akasema.

"Limekuwa la ofisi tangu ulipotusingizia kwa watoto wako," nikamjibu. Mama Neema akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Fundi hakuwa mtu wa kukubali haraka. Alisema masika hayajaisha na umeme hauaminiki. Alisema toleo jipya la Mafiga bado bichi. Mwisho akatoa silaha yake kubwa. "Na mie nikiondoka mwabaki wanne. Mkigawanyika wawili kwa wawili, nani ataamua?"

Zuhura akainua mkono taratibu. Huyu binti hakuwa msemaji. "Fundi, wewe ndiye uliyetufundisha. Watano wakipungukiwa mmoja, watatu wakikubaliana bado ni zaidi ya nusu. Kazi inaendelea."

Fundi akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikamalizia, maana nilikuwa nimeshaanza. "Tawafu ni kuizunguka Kaaba kwa miguu, Fundi, na kati ya Safa na Marwa ni kutembea vilevile. Magoti yako hayatusubiri sisi tumalize toleo jipya."

"Mkristo anifundisha tawafu!" akasema, lakini sauti haikuwa na mzaha wake wa kila siku. Akavua ile miwani ya uzi, akaifuta kwa mtandio, akaifuta tena. "Nawaambieni ukweli," akasema. "Nikienda mfumo ukaanguka, nitaumia. Nikienda usianguke, nitaumia pia."

Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile. Tukapiga kura. Wanne kwa mmoja.

Wiki zilizofuata alitufundisha kama mtu anayehama nyumba. Kila kilichokuwa kichwani alikitoa, na nywila ile kubwa akaigawa kwetu kwa namna ambayo wowote watatu wakikaa pamoja wanaweza kuingia. Kisha tukapiga kura ya kiongozi, na Zuhura akachaguliwa, naye akaenda kunawa uso uani kwa woga. Siku ya mwisho Fundi akamwita kwenye kompyuta na kumwambia alifute jina la Fundi mwenyewe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Hata kuchungulia asiweze. Kidole cha Zuhura kilisimama juu ya kitufe.

"Chomoa, mwanangu," akasema Fundi. "Mie nimechomoa za watu mara ngapi?"

Zuhura akabonyeza. Fundi akapanda baiskeli yake, akaikumbuka miwani mezani, akarudi kuichukua, akaondoka.

Tulikuwa tumeahidiana asipige simu kuuliza habari za kazi. Aliitimiza ahadi kwa namna yake. Siku chache baada ya kufika, simu ya Mama Neema ikalia.

"Mie siulizi kitu," ikasema sauti kutoka Makka. "Nataka kujua tu, mvua yanyesha huko?"

"Inanyesha, Fundi."

"Kubwa?"

"Kubwa kidogo."

"Ya radi?"

Mama Neema akamwambia aende akaswali, akakata.

Ilikuwa ya radi. Asubuhi ya siku mbili tatu baadaye umeme wa mjini ulikatika na betri zetu zikakata roho kabla ya adhuhuri. Mtambo wa Tanga, uliokuwa unaongoza, ukazimika, na safari hii hapakuwa na mtu aliyechomoa. Tulikaa kwenye simu zetu tukitazama. Sekunde chache zilikuwa ndefu. Kisha Pangani ikachukua uongozi, Amani ikaifuata, na muuguzi wa Mwera, tulipompigia, akatushangaa. Alikuwa anahesabu chupa za dawa ya sindano na mfumo ulikuwa wazi mbele yake. "Kwani kuna nini?" akauliza.

Umeme uliporudi ndipo Hamadi alipotutisha. Mtambo wa Tanga ulikuwa unawaka polepole, na yeye hakuvumilia. Akainuka kwenda kuulazimisha kwa mkono uchukue uongozi wake wa zamani, kama ulivyokuwa. Alikuwa na nia njema, na ndivyo Fundi naye alivyokuwa pale Mwera na chumvi yake.

"Usiguse chungu!" Zuhura akapiga kelele. Zuhura, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti. Hamadi akaganda, mkono hewani. Mtambo ukawaka, ukauliza nani anaongoza, ukaambiwa Pangani, ukapokea yote yaliyotokea na kukaa mahali pake kama mfuasi. Tukarukaruka mle ndani mpaka jirani mwenye feni mbovu akaja kuuliza tumeshinda nini.

Fundi alirudi salama. Tulikwenda kwake na umati wa Ngamiani wote kumpokea, tukala tende, tukanywa maji ya zamzam, mimi Mkristo nikapewa glasi ya kwanza kwa makusudi ili watu waone. Pale nyumbani hakuuliza neno la kazi, nasi hatukumwambia. Niliona macho yake yakitutafuta juu ya vichwa vya wageni.

Alikuja ofisini wiki iliyofuata. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote, sasa ninapofanya kazi mji mwingine na watu wengine. Tulimsikia kwanza, maana kengele ya baiskeli ililia nje. Akaingia na baibui jipya, amekonda kidogo, uso unang'aa. Shingoni alikuwa amening'iniza miwani, na juu ya paji la uso ilikuwapo nyingine, mpya, isiyo na uzi.

"Shikamoo, Hajati," tukasema sote.

"Marahaba, wanangu."

Macho yake yakaenda ukutani, kwenye nyaya. Kisha yakaenda kwenye kiti chake. Zuhura alikuwa amekikalia, kazini, na alipomwona akaanza kuinuka haraka huku anakusanya vitu vyake. Mimi nilitazama mkono wa Fundi. Nilijua kinachompita moyoni, kwa sababu alishatuambia: usianguke, nitaumia pia. Na mfumo haukuwa umeanguka.

Mama Neema akamweleza yote kwa pumzi moja: radi, betri, Pangani, Hamadi na mkono wake hewani. Fundi alisikiliza amesimama. Hamadi alipotajwa akacheka, na akacheka zaidi aliposikia muuguzi aliuliza kwani kuna nini, mpaka machozi yakamtoka na akawa anayafuta na huku hayaishi. Akamwashiria Zuhura akae, akae palepale. Akavuta kiti cha wageni, kile ambacho wageni walikikalia kwa hofu kila alipoingia, akajishusha taratibu kwa ajili ya magoti, akaweka mkoba wa tende mapajani.

"Haya," akasema. "Nani anapika?"

Zuhura akatazama chini. "Mimi, Hajati."

"Basi mpishi," akasema Fundi, akikunja mikono ya baibui, "nipe vitunguu nikate."